Mlolongo Nyuma ya Mama wa Kinu

Bibi yangu, mama watoto wangu, aliponiambia anagombea kiti cha wazazi kwenye bodi ya shule, nilikuwa nimeegesha gari mbele ya kliniki ya meno hapa Jeddah, namngoja madam, mke wa bosi ninayemwendesha. Nikacheka, nikidhani ananitania. Halafu akaniambia la pili: mtu wa bodi haruhusiwi kuiuzia shule chochote, kwa hivyo akishinda, kinu chetu hakitapeleka tena unga wa chakula cha watoto. Hapo kicheko kikakauka.

"We mama, una akili timamu kweli?" nikamwuliza, na sikuuliza kwa upole.

Hasira zangu ziko karibu, huo ni ukweli. Na shule ndiyo iliyokuwa mteja wetu mkubwa. Nasema "wetu" kwa mazoea tu, kwa sababu kinu kile ni chake. Mimi nilitoa mota, basi. Mkanda ukikatika anaufunga mwenyewe, na mteja akidai ameibiwa unga, anayebishana naye ni yeye, mikono kiunoni, nywele nyeupe kwa vumbi.

"Baba watoto," akasema, "wewe huoni ninachokiona hapa mlangoni."

Alichokiona ni hiki. Kinu kiko kando ya barabara ya kwenda mtoni. Kila asubuhi watoto wa madarasa ya chini hupita hapo na madumu ya lita tano kuteka maji ya jikoni na ya walimu, wakarudi wamelowa, kipindi cha kwanza kimekwisha. Kitinda mimba wetu yumo. Na tangi la maji shuleni lipo! Tulilijenga sisi wazazi, mimi mwenyewe nimebeba mawe yake kabla sijaja Saudia. Lakini mzee aliyekalia kiti hicho cha bodi miaka nenda miaka rudi alilifunga bomba kwa kufuli, akisema maji yale ni ya dharura. Dharura gani, hakuna aliyewahi kuambiwa.

Nilinuna siku tatu. Ya nne nikapiga simu, nikamwambia sawa, gombea, lakini ugombee kama watu.

"Watu gani?"

"Watu wanaotaka kushinda."

Akacheka, akasema ana wateja, akakata.

Nina rafiki wa kijijini kwetu, mlinzi kule Riyadh, watoto wake wanasoma shule hiyohiyo. Huyo ndiye mshauri wangu wa kila jambo, Mungu anisamehe. "Mkono mtupu haulambwi," akaniambia. "Umeona wapi mgombea kwetu asiyegawa kitu?" Akaniambia pia, kwa haya kidogo, kwamba nisihesabu kura ya mke wake, maana yule mzee wa bodi ni mjomba wa mkewe.

Basi Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nikaenda mtaa wa Kandara hapa Jeddah kwenye maduka ya nguo, nikanunua mitandio ya akina mama, ya kila rangi, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nafungua duka nyumbani. Nikajaza sanduku, nikampa jirani aliyekuwa anaenda likizo kijijini kwetu. Bibi yangu sikumwambia. Nilitaka ashtuke kwa furaha.

"Mzigo umefika?" nikamwuliza baada ya wiki.

"Umefika."

"Umeuonaje?"

"Nimeuona."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilifunzwa hivyo tangu utotoni, lakini mimi mjinga nikadhani ile ni shukrani.

Siku ya mkutano nilikuwa mtaa wa Al-Safa, kwenye gari nje ya lango la bosi. Rafiki yangu alikuwa kwenye kibanda chake cha ulinzi Riyadh. Sote wawili tulikuwa kwenye simu ya video, na aliyeishika simu kule kwenye uwanja wa shule ni mke wake. "Shemeji, unaniona?" akaniuliza. Nilimwona.

Kwetu kura ya shule haina karatasi. Ni mlolongo: mgombea anasimama uwanjani, na kila mzazi anasimama nyuma ya amtakaye, mwalimu mkuu anahesabu vichwa. Huwezi kujificha. Mjomba wako anakuona, na jirani anakuona.

Mzee akahutubia kwanza. Akamaliza hivi: "Na wengine wana waume Uarabuni wa kuwaletea masanduku." Watu wakaguna. Kumbe habari ya sanduku ilishazunguka kijiji kizima!

Bibi yangu akasimama. Akalikokota lile sanduku mpaka mbele, akalibwaga mezani kwa mwalimu mkuu, akalifungua.

"Hii mitandio imeletwa na bwanangu kutoka Jeddah," akasema. "Hakuniuliza. Ni mtu mzuri, lakini hapa alikosea. Anayetaka mtandio aje achague rangi, halafu akasimame nyuma ya mzee. Nyuma yangu asimame anayetaka bomba lifunguliwe. Na kuhusu unga, mwalimu, kuanzia leo tafuta kinu kingine. Sitaki mtu aseme nilifuata tumbo."

Ebo! Hakungoja hata kushinda. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakacheka, na niliyechekwa ni mimi. Masikio yalinichoma kwa aibu, na papo hapo kifua kilinijaa fahari. Huyu ni mke wangu, haki ya Mungu.

"Umeanikwa," rafiki yangu akasema kutoka Riyadh.

"Nyamaza wewe! Si ni wewe ulinishauri?"

Na wako waliokwenda kuchukua, bila haya. Wakajitanda mitandio yangu niliyoitolea jasho, wakaenda kujipanga nyuma ya mzee. Niliwatukana peke yangu garini.

Mara lango likafunguka, madam akatoka. "Yalla, yalla!" akanihimiza tuondoke.

"Madam, dakika tano tu," nikamwomba. "Bibi yangu anapigiwa kura."

Nilidhani atanifokea. Akaingia nyuma, akainama kati ya viti atazame na yeye.

Mke wa rafiki yangu alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja. Wengine wote walishajipanga.

"Unangoja nini?" mumewe akamwuliza.

"Niache, nafikiria."

Halafu picha ikaanza kutikisika. Tukaona nyasi, tukaona viatu vyake, tukaona kofia ya mjomba wake na uso chini yake. "Mwanangu, unaenda wapi?" mzee akauliza. Shemeji akazidi kutembea, na mimi nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Akasimama. Akainua simu juu.

Migongo. Watoto waliobebwa, kofia, sweta, vichwa vitupu visivyo na mtandio.

"Shemeji, unamwona mkeo huko mbele?"

Nilimtafuta. "Simwoni."

"Hata mimi simwoni," akasema. "Watu wamejaa."

Madam akaniuliza mke wangu ni yupi.

"Yule wa mbele kabisa, madam," nikamwambia, nikaweka kidole juu ya ile migongo yote.