Duara la Alhamisi Alfajiri

"Hili duara silitambui," bibi akasema, akiligonga kwa ukucha pale mlangoni. "Hata mnipeleke mahakamani, silitambui."

"Mama, duara ni duara. Unataka liwe na miguu?" mkwewe akajibu.

"Mwanangu, usinichekeshe nikiwa nimekasirika. Hebu tazama wenzake. Lile la Jumamosi iliyopita limepinda kama kiazi. La Ijumaa iliyotangulia lina mkia. Na lazima yawe hivyo, maana anayechora kampakata mtoto, mkono mmoja umeshika chaki, mwingine umeshika makalio. Sasa hili la juzi Alhamisi limetulia hivi, mviringo kama mdomo wa bomba, kalichora nani? Malaika?"

"Kalichora baba yake. Kabadilisha nepi mwenyewe, kaona mwenyewe, kachora mwenyewe. Mama, mwanao ana makosa yake, anakoroma, anaacha buti katikati ya njia, lakini uongo hana. Tangu anioe hajanidanganya hata kuhusu chumvi kwenye mboga."

Mwenye kusifiwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mtoto mapajani, ovaroli kaivaa nusu, mikono yake imening'inia kiunoni. Aliposikia hilo la chumvi, akatamani sakafu ipasuke immeze. Lakini sakafu ile aliimwaga yeye mwenyewe, na sakafu zake huwa hazipasuki.

Mtaa mzima ulimwita Zibua. Alikuwa fundi bomba, na hapakuwa na choo, sinki wala mfereji uliowahi kumshinda. Aliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni ambayo mafundi watatu walikuwa wameikimbia. Akaingiza waya wake, akazungusha, akavuta: kikatoka kiatu, kikatoka kijiko, ikatoka wigi ya mama mmoja aliyekuwa amemtuhumu jirani kwa wizi mwaka mzima. Wanaosimulia vizuri wanasema ilitoka hata redio, na ilikuwa bado inasoma taarifa ya habari.

Zibua alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Popote alipokwenda alichora ukutani kwa chaki. Maji yakiingia, mstari. Yakitoka, duara. Mistari ikizidi maduara, anajua kuna mahali pameziba, na hapo ndipo anapotoa spana. Basi mwanawe wa kwanza alipoletwa kutoka hospitali kafungwa kama mkate, kitu cha kwanza baba alichofanya, kabla hata hajamtazama pua kafanana na nani, ni kuchukua chaki na kuweka alama kwenye mlango wa chumba. Mkojo, mstari. Choo kikubwa, duara.

Mwanzoni mlango ulikuwa raha tupu. Siku mbili za kwanza mtoto alitoa kitu cheusi, kizito, chenye kunata, na Zibua akamwambia mkewe, "Mama nanihii, hii ningeipata kwa ndoo ningeziba nayo mapaa yote ya mtaa." Nesi akasema ni kawaida, ndiyo masalia ya tumboni. Kikaja cha kijani, kikaja cha manjano, laini, chenye vipunje vipunje. Mara nne kwa siku, mara tano. Mlango ukaonekana kama umeshikwa na tetekuwanga. Wageni wakija kumpongeza mama, Zibua anawapeleka kwanza mlangoni, anawasomea.

Wiki ya saba ndipo maduara yalipokata. Jumamosi lilichorwa moja, la kiazi. Jumapili mistari mitupu. Jumatatu mistari. Jumanne mistari, na mtoto anajikunja, anavuta magoti, uso unakuwa mwekundu, halafu anaachia ushuzi ambao si wa mtu wa kimo chake. Mmoja ulilia kwa nguvu hadi mwenye duka la jirani akatoka nje kuangalia ni gurudumu la nani limepasuka.

Nesi wa zahanati, ambaye hupitia nyumba zenye watoto wachanga, alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akawaambia watulie. Mtoto wa maziwa ya mama tu akifika umri huu anaweza kukaa siku kadhaa bila kitu. Almradi ananyonya, anakojoa vizuri, tumbo laini, hana homa, hatapiki kijani, wala hapana damu. Mchezesheni miguu kama anaendesha baiskeli. Msimpe maji, msimpe dawa ya dukani, na sabuni msimwingize popote. "Lakini zikifika siku saba bila kitu, mniambie nimtazame upya," akasema. "Na mkiona lolote kati ya hayo niliyoyataja, msihesabu siku. Mleteni saa hiyohiyo."

Bibi aliyasikia yote, akaitikia, na nesi alipofika kona tu akauliza sabuni ya kufulia iko wapi. "Mlivyokua nyinyi wote, kipande kidogo tu, kimechongwa kama kalamu, na mtu anafunguka." Jumatano jioni akatoa hukumu: "Kesho nikiamka, mlango ukiwa hauna duara, mimi na mchumba wangu tutamalizana wenyewe." Kisha akamgeukia mke: "Na wewe punguza maharage. Maziwa yako mazito." Mke alikuwa ameshapunguza maharage, na kabichi, na mayai. Alikuwa amebakiza kupunguza kumeza mate.

Siku hiyohiyo kazini, Zibua akiwa kapiga magoti kwenye vyoo vya shule, msaidizi wake alikuwa amemtania mbele ya walimu. "Bosi, leo tumezibua darasa la kwanza hadi la saba. Nyumbani kwako ataitwa fundi gani?" Walimu wakacheka hadi wakashikana mabega. Zibua naye akacheka, akarudi kuzungusha waya.

Alhamisi alfajiri mtoto akalia. Mke alikuwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, mdomo wazi, mkono bado umeshika nepi safi. Zibua akaichomoa nepi polepole, akambadilisha mtoto. Mkojo tu. Akamlaza. Akausikia mlango wa chumba cha mamake ukilia. Akaitazama chaki. Na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa mitupu, likatoka duara zuri kuliko yote aliyowahi kuchora maishani.

Alijiambia atalifuta likija la kweli. Kumbe mke alipoamka akaliona, akalipapasa kwa kiganja, akalia machozi, akamkumbatia na ovaroli yake yote. Akala sahani mbili za maharage. Bibi akarudisha sabuni kwenye beseni akinuna. Sasa nani angethubutu kufuta?

Ndiyo ikawa Jumamosi hii, bibi ukucha mlangoni, mke mikono kiunoni.

"Mama, tuache. Nesi anapita leo. Akiuliza mara ya mwisho lini, nitamwambia juzi Alhamisi, aende zake kwa wenye shida. Sisi hatuna shida," mke akasema.

Zibua akahesabu kimoyomoyo, Jumamosi hadi Jumamosi. Saba. Akashusha kiganja kwenye tumbo la mtoto. Mikono ile ilikuwa inaweza kugusa ukuta na kukwambia bomba limepita wapi, lakini leo haikumwambia kitu. Je, lilikuwa laini? Lilikuwa laini jana? Mtoto akajikunja, akavuta magoti, akatoa mlio mwembamba.

"Msimwambie nesi juzi," akasema.

"Tumwambie lini?" mke akauliza.

"Jumamosi. Ile ya kiazi."

Bibi akauondoa ukucha mlangoni.

"Hili la Alhamisi nimelichora tu," Zibua akasema, akiongea na buti zake. "Hapakuwa na kitu. Mkojo tu."

Bibi, ambaye alikuwa ameshinda kesi, alipaswa kurukaruka. Badala yake akaketi juu ya kigoda, taratibu, akakunja khanga mapajani. "Ulinikimbia mimi na sabuni yangu."

"Kidogo, mama."

"Na kingine?"

"Kingine aibu." Akamsogeza mtoto mapajani. "Watu wote nawafungulia vyoo. Halafu mwanangu mwenyewe..."

"Mwanao si bomba," mke akasema.

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Zibua angepata pa kujibia. Mke akauendea mlango, akalitazama lile duara kwa karibu, kama mtu anayetazama picha ya mtu aliyedhani anamfahamu.

"Nilikumbatia chaki," akasema. "Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikutoka. Na sasa hivi, hapa, nimemwapia mama yako kwamba huna uongo. Ukanisikiliza. Ukaketi hapo unanisikiliza."

"Nilitaka ulale, mama nanihii. Ulikuwa hujalala siku nne."

"Nesi angemwacha siku nyingine saba kwa ajili ya duara lako. Umeliwaza hilo?"

Alikuwa ameliwaza. Aliliwaza Alhamisi mchana, na Ijumaa mchana, na kila alipoliwaza alitafuta bomba la kukaza. Angeweza kusema mengine, kwamba alikusudia kulifuta, kwamba leo angesema tu. Aliona yote hayo ni maneno ya mwizi aliyekamatwa na kuku kwapani, akamfunika mtoto miguu.

Bibi akachovya kitambaa kwenye ndoo, akamrushia. "Futa."

Akasimama, mtoto kwenye mkono mmoja, akafuta. Duara likaondoka, likabaki doa la unyevu, na chini yake mistari imejipanga bila duara. Na hapo, mkono bado uko mlangoni, akasikia kitu kwenye mkono wa pili. Kwanza mtetemo. Kisha joto. Kisha sauti, na sauti ile siwezi kuiandika, ila vikombe vilisogea kabatini, na paka aliyekuwa dirishani hakuonekana tena hadi Jumatano.

"Katoa!" Zibua akapiga kelele. "Jamani, katoa! Njooni muone!"

Ilikuwa ya manjano, laini, ya siku saba, na haikuona sababu ya kubaki ndani ya nepi. Ilishuka mguuni, ikapanda mgongoni, ikaingia kwenye mkono wa ovaroli, na mtoto katikati yake katulia tuli, macho mazito, kama mzee aliyetoka kuvua viatu vilivyombana. Zibua alicheka peke yake. Alipogeuka, mkewe alikuwa hajasogea.

"Mama," mke akasema, "nenda ukaangalie kama ni kweli."

Bibi akainuka. Akaja, akainama, akachungulia ndani ya nepi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akamtazama mwanawe usoni, kisha akatazama pembeni. "Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Laini. Haina damu."

Zibua akanyoosha mkono kuchukua chaki juu ya fremu ya mlango. Mke akaifikia kabla yake, akaitia kifuani, ndani ya sidiria. Akampokea mtoto, akaanza kumfuta shingoni.

"Nikusaidie maji?"

"Kaa."

"Basi nikaisuuze hii nepi."

"Usiisuuze. Nesi akija aione kwa macho yake. Na wewe ndiye utakayemwambia kwa nini imebidi aione."

Akaketi palepale ukingoni mwa kitanda, nepi ile wazi mikononi, imeshikwa kwa vidole kumi kama trei ya mgeni rasmi. Ilikuwa inatiririka. Bibi akafungua dirisha, akabaki kulitazama ua kana kwamba kuna kitu huko.

"Mama nanihii," Zibua akasema. "Sitachora tena nisichokiona."

"Mimi hilo la kuchora nimeliacha." Mke alimpindua mtoto, akamfuta makalio, hakuinua uso. "Ninachofikiria ni kingine. Ukiniambia homa hana, nitashika paji mwenyewe. Ukiniambia kanyonya, nitamtazama mdomo. Nitakuwa naamka kila ukiamka. Na mimi nilikuwa naweza kulala, unajua? Wewe ukiwa macho, mimi nilikuwa nalala kabisa, nilikuwa—"

Pazia likasogea. "Hodi jamani, nimekuta mlango wazi," nesi akasema, akaingia na mkoba wake, akawatazama watatu wale, kisha akatazama kilichokuwa mikononi mwa Zibua.