Marahaba za Mkopo

Walisema sitafika Uarabuni, nikafika. Walisema mtoto wa Kinole, kule mlimani Uluguru, aliyekua akishusha ndizi kichwani hawezi kusoma ughaibuni akifanya kazi usiku, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu. Chumba cha baridi nilichokijenga Mafiga, mjini Morogoro, kila bomba nikiliunga kwa mkono wangu, leo kinahifadhi mananasi na machungwa ya wakulima wengi wa mlimani. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nakwenda Dar kupasuliwa taya, nilijua watasema tu. Safari hii hawakusema nitakufa. Walisema sitaweza kunyamaza.

"Wiki sita meno yamefungwa?" shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliuliza akiwa amejishika kiuno. "Huyu huyu? Maneno yatamtokea masikioni."

Nilizaliwa na taya la chini lililotangulia mbele. Meno yangu ya mbele hayakuwahi kukutana. Nyama niliikata kwa kisu, na mhindi wa kuchoma niliupukuchua kwa vidole kama mtoto. Nikisema neno lenye *s* au *sh*, upepo na mate vilitangulia. Nadhani ndiyo sababu nilijifunza kusema haraka na kwa sauti kubwa, mtu asipate nafasi ya kuisikia kasoro. Jirani yangu, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu kazi kiwanda cha Mzinga, ambaye kwetu sisi Waluguru ni mtani, alikuwa akisema kidevu changu kikishafika sokoni, mimi mwenyewe bado niko nyumbani natafuta viatu. Nami nilimjibu papo hapo. Sikuwahi kulala na deni la mtani.

Daktari alinieleza bila kuzunguka. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini unapita ndani ya mfupa ambao angeukata. Huenda mdomo ungebaki na ganzi maisha yangu yote. Na nikifungua meno kabla ya wakati, taya lingehama na kazi ingeanza upya. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa wima, lakini moyoni niliogopa. Mtu mwingine anaishi kwa mikono. Mimi, pamoja na ufundi wangu wote, naishi kwa mdomo. Nikishindwa kupatana bei na wakulima, kile chumba cha baridi ni sanduku tupu.

Nikasaini.

Nilirudi Morogoro uso umevimba kama boga, meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa mipira midogo iliyonaswa kwenye nyaya. Barafu ya kukanda mashavu nilitoa kwenye chumba changu mwenyewe cha baridi, tena barafu safi. Mke wangu alisaga kila kitu kwenye blenda, wali, maharage, samaki, akachuja, akanilisha kwa bomba la sindano pembeni mwa shavu. Supu ilinitiririka kidevuni bila mimi kujua. Niligusa mdomo wangu wa chini na ilikuwa kama kugusa mdomo wa mtu mwingine aliyelala.

Mgeni wa kwanza alikuwa mtani wangu. Alipoingia nilisimama, kama nilivyolelewa, nimwamkie. Ikatoka "mmm" tu.

"Marahaba," akasema kwa sauti ya juu, kisha akakaa kwenye kiti changu kizuri. "Hiyo nimeitanguliza. Shikamoo yangu unadaiwa."

Akafungua mfuko aliokuja nao. Michembe! Viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kokoto. "Zawadi kutoka Tabora. Tafuna, mtani, usione haya."

Nikachukua simu nimwandikie jibu. Akaisukuma pembeni.

"Mtani hajibiwi kwa simu. Ni mdomo kwa mdomo. Na hili pia nakukopesha." Akaniinamia, akanitazama kidevu. "Maskini. Zamani kilikuwa kinazuia mvua isikuloweshe miguu. Sasa utavaa buti."

Kicheko kikanipanda tumboni. Nikashika taya kwa mikono yote miwili, machozi yakinitoka, nikiomba mipira isikatike. Mke wangu alimtoa nje kwa mwiko. Michembe ile aliichemsha na karanga, akaisaga, akaichuja. Nikanywa bakuli zima na kuonyesha kwa kidole kwamba nataka jingine.

Habari ikaenea mtaani. Nikikaa kibarazani asubuhi, wazee waliopita hawakusubiri. "Marahaba!" mmoja alisema kutoka barabarani, akicheka. "Marahaba, baba, pole sana!" alisema bibi kizee wa nyumba ya pili. Nimeishi nchi ambako jirani hakujui hata ukifa. Sasa nilikaa pale na uso wa boga, watu wananipa jibu la heshima kabla sijawapa heshima yenyewe, na wote wana uhakika nitalipa. Mimi sikuwa na uhakika huo.

Kisha bibi yangu akateremka kutoka Kinole.

"Marahaba, mume wangu," alianza mlangoni, maana kwetu bibi humtania mjukuu hivyo. "Wamekufunga kama mbuzi asile mihogo ya watu?" Akamgeukia mke wangu. "Mke mwenzangu, umepata mume asiyebishana. Sali rozari ya shukrani."

Alipokwisha kucheka alinisogelea, akaweka kidole gumba juu ya mdomo wangu wa chini na kubonyeza. "Unasikia?"

Nilitikisa kichwa. Akautoa mkono polepole, akaufuta kwenye kanga ingawa haukuwa na kitu. Hakunitania tena mpaka alipoondoka.

Siku niliporudi kwa daktari alinionyesha picha ya eksirei: vibati vidogo na skrubu, na kati ya kipande na kipande cha mfupa, ukungu mweupe. "Mfupa huo unajiunga," alisema. Nimeunga mabomba ya shaba kwa moto na waya wa madini ya fedha wa kuchomelea, na najisifu kwamba kiungo changu hakivuji. Lakini hakuna kiungo nilichowahi kukiona kikijichomelea chenyewe, gizani, bila moto, fundi akiwa amelala. Niliitazama picha ile mpaka daktari akaniomba nimpishe mgonjwa mwingine.

Asubuhi moja nilikuwa uani, ukungu bado umelala juu ya Uluguru. Kitu kikanigusa kidevuni. Nikapunga mkono kumfukuza nzi. Hapakuwa na nzi. Kilikuwa ni kiupepo cha mlimani, na niliisikia baridi yake. Nikapiga makofi mpaka mke wangu akaja mbio. Nikafumba macho, yeye akachukua kijiko na kunigusa nacho hapa na pale, nami nikinyoosha kidole kila nilipohisi. Kushoto mdomo ulikuwa bado umelala. Kulia ulikuwa umeamka, unawasha kama umetambaliwa na sisimizi. Tulirudia na kurudia hadi uji ukaungulia jikoni.

Siku mipira ilipoondolewa, meno yaliachana kwa upana wa kidole tu. "Sema chochote," daktari alisema. Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu ya kishujaa. Iliyotoka ni: "Shikamoo."

Daktari ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. "Ah, mzee, mimi ndiye wa kukuamkia wewe!" akasema kwa aibu. Sikumjali. Nilikuwa nimeisikia ile *sh*: imepita kati ya meno yangu, kavu, safi, bila mate. Sauti ile ilikuwa yangu na sikuwahi kuisikia.

Nilifanya mazoezi ya kufungua taya mpaka mdomo ukanirudia wote. Ndipo nikavaa shati lililopigwa pasi na kutoka kulipa.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mtani wangu. "Na michembe yako nimeila. Sasa naelewa kwa nini Wanyamwezi mlibeba mizigo mpaka pwani. Mlikuwa mnatafuta chakula laini."

Alijipiga paja akapiga yowe. Kwa shemeji yangu sikukawia. "Shemeji, nilipokuwa kimya watu wamegundua kelele zote za nyumba yetu ni zako."

"Mfungeni tena!" akapiga kelele.

Nyumba kwa nyumba, kila mzee nikampa yake. Kisha nikapanda bodaboda kwenda Kinole, nikiamkia kila mwenye mvi niliyempita njiani, hata wasionidai.

Bibi alikuwa barazani anachambua pilipili manga kwenye ungo. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Mikono yake ikasimama. Hakuitikia. Nikadhani hajasikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba nilishatoa zamani," akasema, akiutazama mdomo wangu. "Leo napokea tu. Tena."

Nikasema tena. Akasogeza ungo pembeni, akakaa vizuri. "Tena," akasema, nami nikaendelea, nimepiga goti kwenye udongo wa kwetu, mpaka taya likaanza kuchoka, na yeye hajaniitikia hata moja.