Vyuma Kwanza, Pilau Baadaye

Nakumbuka Jumamosi moja kule Anoka, huku huku Marekani, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sharubu mbili tatu, na kiburi cha kujaza lori. Nakueleza haya nikiwa na hasira, wala sitaificha, kwa sababu jana umenitumia picha ya gari lako pamoja na mwaliko: "Jumamosi karibuni tuinue bodi, chakula kipo." Nimeitazama picha ile, nikavaa miwani, nikaitazama tena. Watu umeshawaalika. Mchele bila shaka umeshanunua. Vyuma vya milangoni havipo.

Basi kaa chini unisikilize, simu weka kando.

Siku hizo alikuwepo mama mmoja Mkenya, muuguzi, tukimwita Mama Njeri. Marehemu mumewe alikuja huku kusoma, na kabla hajanunua hata kitanda akanunua gari la zamani la Kimarekani: milango miwili, paa la turubai la kukunja, injini kubwa inayonguruma mpaka vioo vya jirani vitetemeke. Alipofariki, gari likabaki gereji. Chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ilikuwa imeila chasisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, mpaka unaweza kuichoma kwa bisibisi ikaingia. Bodi ilikuwa na nafuu. Njeri, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa mwezi wa nane, na mama yake alitaka jambo moja tu: mwanawe atoke kanisani ndani ya gari la baba yake.

"Baba yake hatakuwepo," aliniambia. "Angalau gari yake i-show up."

Nikamwambia aniachie mimi. Mimi Sefu wa Muheza, niliyesoma uhandisi, nikifanya kazi ofisini siku za wiki na Jumamosi nikijiita fundi katika gereji tuliyokodi watu watatu. Tukaagiza chasisi nzima mpya, iliyochomelewa kwa kipimo cha gari lile lile, matundu yote ya boliti tayari. Kazi yenyewe kwa maneno ni ndogo. Unafungua boliti zinazoishika bodi, unaiinua bodi nzima, unatoa chasisi mbovu, unaingiza mpya, unaishusha. Kwa maneno hata mimi leo naweza kuifanya nikiwa nimelala.

Lakini gari lisilo na paa la chuma lina mgongo mmoja, nao ni chasisi. Ukiutoa mgongo, bodi inajikunja katikati, pale penye milango. Ndiyo maana kabla hujagusa boliti hata moja unachomelea vyuma ndani, kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi nguzo ya nyuma, kila upande, na vingine vya kukatiza. Vinaishika bodi isilegee mpaka ikae juu ya chasisi mpya. Kisha unavikata. Havionekani na mtu, havisifiwi na mtu.

Haya aliniambia Mzee Mbwana. Alikuwa mtu wa Tanga, amestaafu karakana ya reli, akaja huku kukaa na bintiye mjini Oakdale. Alivaa sweta mbili hata mwezi wa sita, na alikuwa na tabia ya kugonga bati kwa kifundo cha kidole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Alhamisi alikuja gereji, akachungulia ndani ya gari.

"Sefu, vyuma viko wapi?"

"Nitaviweka, mzee."

"Lini?"

"Kesho."

Hiyo kesho nilifanya nini? Nilipiga simu. Kwetu Muheza kazi nzito ni msaragambo, watu wanaitana, wanasaidiana, wanakula pamoja. Winchi ya kuinulia tungeweza kuikodi, lakini mimi nilitaka watu. Nilitaka waone. Nikaita wanaume kumi na wanane, Watanzania kwa Wakenya, nikawaomba kina mama watupikie. Ijumaa yote ikaishia kwenye simu, na chuma hata kimoja sikukata.

Jumamosi watu wakafika mapema kuliko nilivyotegemea. Wa Lakeville walikuwa wameendesha karibu saa nzima, wamekuja na watoto na viti vya kukunja. Sufuria ilikuwa imeinjikwa nje, harufu ya bizari imejaa kiwanja kizima. Mzee Mbwana akaja, akachungulia tena ndani ya gari, akanivuta pembeni.

"Warudishe watu."

"Mzee, watu wameshafika, pilau iko motoni. Nitawaambia nini?"

"Waambie hujamaliza kazi."

Sijamaliza kazi. Maneno mawili, mwanangu! Nikashindwa kuyatoa kinywani. Sisi ndivyo tulivyo, tukishaalika watu tuko radhi nyumba iungue kuliko kumwambia mgeni arudi kesho. Nikamwacha mzee amesimama, nikaenda kupanga watu, tisa huku na tisa kule. Tukahesabu: moja, mbili, tatu.

Bodi ikainuka. Watu wakashangilia. Na katikati ya shangwe ile ikasikika sauti, kama mtu amevunja mua kwa goti. Niliona kwa macho yangu nguzo za mlango wa kulia zikisogeleana kwa juu. Si sana, unene wa kidole tu. Niliona, nikajifanya sikuona.

Mama Njeri alikuwa amesimama karibu, mwiko mkononi. "Sefu, hiyo sauti ni ya nini?"

"Kutu tu, mama. Ni kawaida."

Nikiwa na umri huu bado sentensi hiyo inanitia kinyaa. Tukaiegemeza bodi juu ya magogo, watu wakala, wakanisifu, wakapiga picha. Mzee Mbwana aliletewa sahani akairudisha, akaenda kungojea ndani ya gari la mkwewe.

Tulipoishusha bodi juu ya chasisi mpya, matundu yakakataa kukutana. Chasisi ilikuwa sawa, iliyopinda ni bodi, na nilijua. Lakini wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nikaanza kuchagua jembe: eti waliotengeneza chasisi wamekosea kipimo. Nikachukua kekee nikayapanua matundu ya chasisi mpya mpaka boliti zikaingia kwa nguvu. Mlango nao ukakataa kufunga. Nikaupiga tupa, nikahamisha komeo, nikaziba ufa kwa puti, nikapaka rangi nyekundu inayong'aa. Ukitazama kwa mbali ungesema limetoka kiwandani asubuhi ile.

Siku tatu kabla ya harusi Mzee Mbwana alikuja bila kuitwa. Hakuitikia hata shikamoo yangu. Aliomba funguo, akanikalisha upande wa abiria, akaendesha polepole kukizunguka kiwanja cha kuegeshea magari. Tulipokata kona ya pili, mlango wa upande wangu ukafunguka wenyewe. Nikashika dashibodi nisianguke.

Akasimamisha gari. "Bibi harusi atakaa upande gani?"

Nikaurudisha mlango, ukafunguka tena.

"Nimekuuliza, Sefu. Atakaa upande gani?"

"Huu," nikasema.

Akashuka, akalala chini kwenye lami na sweta zake mbili, akamulika tochi uvunguni. Akayaona matundu niliyoyapanua. Akatoka, akanimulika tochi usoni.

"Umemtia kilema mzima ili afanane na mgonjwa! Chasisi mpya, haina kosa, ukaiharibu ili usiseme umekosea. Mtoto wa watu angeanguka barabarani na shela lake, kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya sahani ya pilau?"

Nami nikapandwa na hasira, mwanangu, maana mwenye kosa ndiye anayekasirika upesi. Nikamwambia, "Mzee, hapa si karakana ya reli."

"Boliti haijali iko Tanga au iko Anoka," akasema. "Sikukasirikii kwa kukosea. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko nywele zako. Nakukasirikia kwa sababu ulisikia ile sauti. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea." Akazitia funguo katika mfuko wa sweta ya ndani, akaondoka nazo.

Nilimkuta Mama Njeri ametoka kazini, bado amevaa sare, miguu ameiloweka kwenye beseni. Nilimweleza yote, tangu Ijumaa ya simu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Nilikuuliza, Sefu," akasema. "Nilisimama pale na mwiko nikakuuliza. Ungeniambia ukweli that day, tungekuwa na miezi miwili ya ku-fix. Sasa naenda kumwambia Njeri nini? Ati gari ya baba yake imekataa kuja?"

Njeri alitoka kanisani akapanda gari dogo la binamu yake. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mapipa ya takataka, na hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliumbuka mbele ya wale wale niliowaita waje kuniona.

Ilinichukua majira mawili ya baridi kuinyoosha ile bodi. Nilichomelea vyuma vya milangoni, nikaiinua upya kwa winchi, peke yangu na Mzee Mbwana, hakuna pilau. Nikayaziba matundu ya chasisi, nikayatoboa upya kwa kipimo chake. Mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinikemea kila kipimo kisichomridhisha, nami nikamshukuru, maana angeweza kunisusa. Mama Njeri alipokuja, alifungua mlango wa kulia, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunga taratibu, tak.

"Imefunga vizuri," akasema. Akaifuta alama ya kidole chake kwenye rangi. "Lakini harusi ilikuwa moja."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Nimeyabeba, nimezeeka nayo, na sasa nakuona wewe unayafuata mbio kama umetangaziwa zawadi.

Mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Kazi isiyoonekana ndiyo inayoibeba ile inayoonekana, hivyo ianze kwanza. Usiwaite watu kabla kazi haijawa tayari, na kama umeshawaita, warudishe. Aibu ya kumrudisha mgeni huisha siku ile ile. Ukisikia sauti ya kitu kuvunjika, sema papo hapo, mbele ya mwenye mali, hata kama mkono wako bado umeshika bodi. Wala usiharibu kilicho kizima ili kifiche kilichopinda. Hilo la mwisho si la magari tu, nawe unajua ninakoelekea, maana nimesikia pia jinsi ulivyomjibu mama yako kwenye simu. Hilo tutalizungumza siku yake.

Mzee Mbwana ametangulia mbele ya haki, hayupo wa kuja kukunyang'anya funguo. Nipo mimi. Vyuma nimeshakukatia leo asubuhi, vinne virefu na viwili vya kukatiza, viko nyuma ya gari langu. Nitafika kwako kesho nikitoka kazini, na kabla sijafika uwe umewaandikia watu wako wote yale maneno mawili yaliyonishinda mimi, unayajua. Atakayenuna mpe namba yangu anunie kwangu.

Haya, nimefoka vya kutosha. Mwenyezi Mungu akupe mkono usio na pupa na ulimi usiowaogopa wageni. Akuepushe na sifa za kiwanjani, akujaalie wa kukukemea maadamu kosa bado linarekebishika. Na milango yako yote, ya gari na ya nyumba, ifunge kwa kidole kimoja. Amina.