Niliharibu Bampa za Rafiki Yangu Ili Zangu Zing'ae

Nimekosa, na nimekosa kijinga. Kuna watu wamevunja urafiki kwa sababu ya shamba, au mwanamke, au siasa. Mimi nimevunja wangu kwa sababu ya bampa. Ndiyo, bampa ya gari! Cheka kwanza, umalize, halafu unisikilize.

Jina langu sitaji. Lakini kama unaishi Naro Moru unanijua tu. Mimi ni yule mzee wa duka la dawa za mifugo, mzee wa kanisa pia, mwenye gari ya zamani ya kijani inayooshwa kuliko watoto wake. Gari hiyo niliachiwa na marehemu baba. Injini inanguruma vizuri, viti bado ni vya ngozi, na mlango ukiufunga unafungika kama mlango wa benki. Si kama haya magari ya siku hizi, unafunga mlango unadhani umeangusha debe!

Shida ilikuwa bampa. Zile za kiwandani zilipakwa kromu, ukiziangalia zinang'aa kama kioo. Lakini baridi ya hapa mlimani na ukungu wa kila asubuhi havimheshimu mtu. Kromu ikaanza kubambuka, kutu ikaingia chini yake, na mwishowe ile ya mbele ikatoboka kabisa, kidole kinapita. Nikawa naipulizia rangi ya fedha ya mkebe. Mvua ikinyesha, inachuruzika.

Wenye magari ya zamani tuko na kikundi chetu. Jumapili baada ya ibada tunakutana Nyeri mjini, kwenye uwanja wa hoteli moja, tunafungua boneti, tunakunywa chai, tunasifiana. Siku moja wakili mmoja kijana akaizunguka gari yangu polepole, mikono nyuma kama daktari wa wodi. Akainama mbele, akapaza sauti:

"Mzee, huyu cucu wako ameng'oka meno yote!"

Gari ya marehemu baba kuitwa nyanya kizee! Walicheka mpaka chai ikawapalia. Nikacheka nao. Lakini ndani, jameni, nilikuwa naungua!

Ni mmoja tu ambaye hakucheka: Baba Ciru. Huyo ndiye niliyemkosea.

Baba Ciru ni mkulima wa Mweiga, mtu wa ng'ombe wa maziwa na viazi. Mke wake alifariki. Ana gari kama yangu kabisa, ila yake ni ya rangi ya krimu. Ndivyo tulivyojuana: alikuja dukani kununua dawa ya kupe, akaona gari yangu pale nje, akasahau kupe! Tukaongea mpaka nikafunga duka. Tangu siku hiyo tulikuwa kama ndugu. Na bampa zake zilikuwa bado zile za kiwandani, kromu yote iko. Alizisugua kila Jumamosi kwa kitambaa laini, ukiinama unaweza kunyolea ndevu.

Siku ile ya kuchekwa aliniwekea mkono begani. "Wachana nao," akaniambia. "Gari ni injini."

Mtu mzuri. Na mimi nikamchukia kidogo. Ni rahisi kusema gari ni injini kama bampa zako zinang'aa!

Nikaanza kuulizauliza. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Majengo, pale Nyeri mjini, anaitwa Saidi, anayetengeneza masinki na reli za ngazi kwa stenlesi, ile chuma ya sufuria isiyoshika kutu hata ukiiacha nje kwa mvua. Nikampelekea bampa zangu. Akazigeuza, akazigeuza tena, akaziweka chini taratibu kama mtu anayeweka mgonjwa.

"Naweza kukutengenezea mpya za stenlesi, mzee. Lakini hizi zako zimeisha, hazina umbo tena. Niletee nzima za gari kama hii, nifuatishe."

"Nitaleta," nikasema. Nilijua za kutoa wapi.

Sasa sikilizeni. Ciru, binti yake Baba Ciru, alikuwa anakaribia kuolewa. Na baba yake alikuwa amemwambia kila mtu Mweiga kwamba binti atapelekwa kanisani kwa gari ileile iliyompeleka mama yake siku ya harusi yake. Alikuwa anaiandaa gari hiyo kama anayeolewa ni yenyewe. Nikaenda kwake, nikakaa sebuleni, nikamwambia:

"Baba Ciru, kuna mtu Nyeri anapaka kromu dawa ya kuilinda. Nipe zako nizipeleke pamoja na zangu. Siku ya harusi watu watavaa miwani ya jua!"

Ningemwambia ukweli, je? Ningesema tu, rafiki, nakopa bampa zako nitengenezewe kama hizo? Angenipa. Lakini sikutaka ajue natengeneza. Nilitaka Jumapili moja nitokee tu, wote washangae, na yeye akiwa mmoja wao.

Alizifungua mwenyewe kwa spana. Akazifunga kwa blanketi za kitandani mwake, akakaza kamba, akanisaidia kuzipakia kwa pikapu ya duka. "Polepole kwa matuta," akaniambia. "Na asante. Wewe ni mtu wa kukumbuka wengine."

Ngai, Mungu wangu!

Saidi alipozifunua alipiga mluzi. "Hizi ni safi! Za nani?"

"Zangu. Za akiba."

"Sawa. Sasa kuna njia mbili. Naweza kupima na makaratasi magumu, nikate polepole, hizi zisipate hata mkwaruzo. Lakini itachukua muda. Ama nikunje bati la stenlesi juu yake moja kwa moja na nyundo. Hiyo ni haraka na itatoka sawasawa. Lakini hizi za chini zitaumia."

Mkutano wetu ulikuwa Jumapili iliyofuata.

"Gonga," nikasema.

Hakuna mtu aliyenishika shingo. Hakuna shetani aliyeninong'onezea. Niliulizwa vizuri, mchana, kwa Kiswahili rahisi, na hilo ndilo jibu nililotoa. Tena nikaketi kwenye kigoda kando, nikanunua njugu, nikatazama nyundo ikifanya kazi.

Zangu zilitoka kama maajabu! Za Baba Ciru zilitoka na mabonde kila mahali, kromu imepasukapasuka kama matope yaliyokauka. Nikazirudisha kwenye blanketi zake haraka, nisizione.

Jumapili nikaingia pale hotelini polepole, dirisha wazi, kiwiko nje. Wakili alikuwa wa kwanza kusimama. "Mzee! Umemwekea cucu meno mapya!" Picha zikapigwa. Nikaulizwa nilitoa wapi, nikajifanya sisikii. Baba Ciru hakuwepo, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Nikamshukuru Mungu kwa ndama huyo. Hebu fikiria, mzee wa kanisa!

Kesho yake nikaenda Mweiga na uso wa matanga. Nikamwambia bampa zake na zangu zilianguka kutoka kwa pikapu njiani, lori likazikanyaga. Akafunua blanketi. Mimi nikajiandaa kwa matusi.

"Wewe uliumia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi Mungu ni mwema." Halafu akatazama gari yangu pale uani. "Na hizo?"

"Ilibidi nitafute zingine. Hizi ni za stenlesi, nimezipata Nairobi."

"Zinapendeza. Hawawezi kunipatia na mimi, kabla ya harusi?"

"Hizi zilikuwa za mwisho," nikasema. Ulimi wangu siku hiyo haukukwama hata mara moja! Tena nikaongeza, kwa ukarimu mkubwa, ati nitamsaidia: Ciru apelekwe kanisani kwa gari yangu. Akainamisha kichwa. Akasema sawa, asante. Akaenda jikoni akanichemshia chai, maana Ciru hakuwepo na hakuna mtu mwingine wa kuichemsha katika nyumba hiyo. Nikanywa. Nikaomba nyingine.

Siku ya harusi nilifika kwake mapema, nimevaa suti, gari imefungwa riboni. Msafara ulikuwa unajipanga pale uani kabla ya kwenda kanisani. Watu wakanizunguka. Bibi harusi bado yuko ndani anavalishwa, na mimi niko nje napokea pongezi utadhani naolewa mimi! Nilitoa hotuba kuhusu stenlesi. Nilitoa leso nikafuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mjomba mmoja wa Ciru akainama karibu na taa ya kushoto. "Mbona hii kona imeinuka kidogo?"

Kusema kweli mimi pia nilikuwa nimeiona, na sikujua ni nini. Zangu zilishaoza zamani, nani angekumbuka kona zilikaaje? Lakini mimi kukosa jibu mbele ya watu? Haiwezekani.

"Hiyo ni makusudi," nikamwambia. "Ndivyo Waingereza walivyoitengeneza, upepo upite vizuri."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Baba Ciru. "Hebu."

Watu wakampisha. Alikuwa na suti mpya na ua kifuani. Akapiga goti moja kwenye vumbi, na suti yake hiyo, akapitisha kidole gumba kwenye ile kona. Akapitisha tena.

"Huo si upepo," akasema. "Huyu ni Mama Ciru."

Mjomba akarudi nyuma hatua moja.

"Alikuwa anajifunza kuendesha," akaendelea, si kwangu, ni kama anamwambia yule mjomba. "Akagonga nguzo ya geti la ng'ombe. Nikataka kuinyoosha, akakataa. Akasema iache hivyo, tuwe tunacheka." Halafu akasimama, akanigeukia. "Uliniambia hizi ni za Nairobi."

Saidi, Mungu ambariki, alikuwa ameifuatisha bampa ile yote, hata alama ya marehemu!

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilisema nini? Nikasema, "Labda zote zilitoka hivyo kiwandani." Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Hazikuanguka," Baba Ciru akasema. Halikuwa swali. "Uliziwekea nyundo upate hizi." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Na ukanywa chai yangu."

Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane! Akageuka tu, akawaambia vijana, "Leteni gari yangu."

Ikaletwa ile ya krimu, mbele wazi, matundu ya bolti yanaonekana. Kina mama wakafunga maua pale mahali pa bampa, wakafunga mengi. Ciru akatoka kwa gauni lake jeupe, akaangalia gari yangu, akaangalia ya baba yake, akaingia ya baba yake bila kuuliza. Wakaondoka wakiimba.

Na yangu? Yangu haikukosa kazi. Mama mmoja wa kamati ya chakula alifungua mlango wa nyuma bila kunisalimu, akaanza kupakia sufuria. Sufuria za pilau, sufuria za mukimo, juu ya viti vya ngozi vya baba yangu! Nikaendesha wa mwisho kwenye msafara, stenlesi nje, stenlesi ndani, supu inamwagika kwenye kona.

Hivyo ndivyo nilivyoingia harusini.

Baadaye nilizifungua zile bampa, nikampelekea. Nikamwambia nimekosa, nikamwambia yote, hata ya njugu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akazipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante kwa kuja. Nikarudi nyumbani naimba! Nikajua yameisha.

Yameisha wapi? Simu zangu hashiki. Dawa za ng'ombe sasa ananunua Nyeri, na majirani zake wananunua anakonunua yeye. Nilipopita Mweiga juzi nikachungulia zizi lake. Zile bampa zangu za stenlesi amezifunga mbele ya hori. Ng'ombe wanazilamba! Na gari yake ya krimu ilikuwa pale uani na bampa zake zilezile za kromu, amezinyoosha mwenyewe kwa nyundo ya mbao kadiri alivyoweza, zimejaa makovu. Lakini ile kona ya kushoto hakuigusa.

Tukikutana mjini ananisalimia vizuri, kwa adabu zote, kama unavyomsalimia mtu aliyekuuliza njia ya kwenda posta. Anaitika, anapita. Wakili kijana ndiye rafiki yake siku hizi. Mimi naendesha gari isiyo na bampa kabisa, na watoto wa Naro Moru wanauliza kama tumepata ajali.

Wenzangu wenye magari ya zamani, nawaomba. Kama kromu yako imekwisha, endesha hivyohivyo. Acha wacheke, wakimaliza chai wataenda nyumbani. Tafuta stenlesi ukitaka, si dhambi, lakini kamwambie mwenye bampa unachotaka kufanya nazo kabla hujazigusa. Na ukishaharibu, kiri siku hiyohiyo, kabla hujaandaliwa chai.

Mimi niandikieni mtakavyo, niiteni mjinga, niko tayari. Ila mtu asinipoze ati ni bampa tu. Hayo nilijiambia mwenyewe kule Majengo, nikitafuna njugu.