Siku Nilipovaa Koti la Chef

Chef, yaani mkuu wa maabara yetu, alikuwa na sheria moja iliyokuwa ikiniudhi sana: mikono nyuma. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja mzaliwa wa hapa Kolwezi. Tulikuwa tumemaliza masomo yetu ya fizikia, na sasa chef alikuwa akitufundisha kuwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye mazoezi ya maabara. Mwanafunzi akifunga waya vibaya, hugusi. Unaweka mikono nyuma, unamwuliza, "Unaona nini?" Kisha unangoja, hata kama roho inakutoka.

Ili tuzoee, chef alikuwa akivua koti lake jeupe, anamvika mmoja wetu, halafu yeye mwenyewe anakaa kwenye benchi na kujifanya mwanafunzi mjinga kuliko wote. Mtu mzima mwenye mvi, anakukodolea macho na kukuuliza kama betri inaliwa. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi.

Hiyo ilikuwa kabla. Mwaka ule mgodi ulikuwa unakufa, malori ya machimbo ya Mashamba yamesimama, na vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, eti ni wageni. Watu waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa walibeba magodoro mpaka stesheni, kungoja treni isiyokuja. Chef alikuwa mtu wa Kasai. Mke na watoto wake walikuwa wamekwisha kwenda stesheni. Yeye akarudi chuoni mara ya mwisho, eti somo letu halijaisha. Nilimwona mkaidi. Mpaka leo namwona mkaidi.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilivaa koti. Chef akakaa kwenye benchi mbele ya betri tuliyoitoa kwenye lori bovu, na ampèremètre, kile chombo cha kupima umeme unaopita kwenye waya. Ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Ndipo mlango ukapigwa teke.

Waliingia vijana wanne wenye fimbo na panga. Sikuwajua, nao hawakutujua. Walikuwa wametoka mtaa mwingine. Aliyetangulia alitazama koti kabla ya kutazama uso wangu.

"Ni weye chef ya labo? Ule Mukasai?"

"Hapana, mi ni mutu ya Mutshatsha."

Mmoja wao akanisemesha Kilunda, lugha ya Mutshatsha, kunijaribu. Namshukuru Mungu kwamba bibi yangu alinilea kwa lugha hiyo. Nilimjibu mbiombio, nikataja hata mto tuliokuwa tukiogea. Fimbo zikashuka kidogo.

"Basi chef iko wapi?"

"Alishaenda ku gare, kule ku treni, na muke yake na batoto. Tangu asubui."

"Na uyu tata?"

Panga lilimwelekea chef, maana tata kwetu ni mzee. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kiswahili cha chef kilikuwa na lafudhi ya kwao. Akifungua kinywa tu, amekwisha. Nilimtazama dada mwenzangu. Kaka yake alikuwa na kikundi kama hicho mtaani kwao, na neno lake moja lingetosha. Alikuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma, macho chini.

"Ni mwalimu wa ku Fungurume," nikasema. "Alikuya kujifunza. Kichwa yake iko nguvu, haishike kitu."

Wakasogea. "Mutu mukubwa hivi? Tata, unajifunzaka nini?"

Chef akainua uso. Niliona midomo yake ikiachana. Kisha akaifunga, akachukua waya mbili na kuifunga ampèremètre moja kwa moja kwenye betri, kosa tunalomkataza kila mwanafunzi tangu siku ya kwanza. Cheche zikaruka.

Nami nikaruka. Nilimnyang'anya waya, nikampiga mkononi, mkono wa mtu niliyekuwa nikimwamkia kwa kuinama. "Mujinga weye! Mi nakuambia kila siku! Nyamaza! Usinijibu!"

Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nao wakadhani ni hasira. Wakacheka sana. Mmoja akaniambia, "Pole, mwalimu," wakaenda zao na kuuacha mlango wazi.

Dada aliufunga, akaanza kulia. Mimi nilikaa sakafuni. Chef alikuwa akisugua mkono wake na kuitazama ampèremètre, ambayo mshale wake ulikuwa umekwama mwisho kabisa. Ilikuwa imeungua.

Alasiri tulimpitisha njia za nyuma mpaka stesheni. Watu walijaa kila mahali, wamelala juu ya mizigo, wengine wagonjwa, na harufu ilikuwa mbaya. Nilitaka kumrudishia koti, akakataa.

"Tata, unisamehe," nikamwambia. "Nilikutukana."

"Matusi si kitu. Lakini uligusa waya."

"Niliogopa, tata."

"Na mi niliogopa. Lakini haukuniuliza naona nini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilisimama mbele yake na koti lake likiwa bado mwilini mwangu, nikaweka mikono nyuma.

"Unaona nini, tata?"

Alitazama reli, kisha mke wake, kisha watoto waliolala juu ya godoro moja. Nikangoja, kama alivyonifundisha.