Dawa Moja, Paketi Mbili

Mtaani walimwita Sista Visanduku, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo, kazi yake kuzungukia nyumba kumi na moja za watu wenye maradhi ya kuishi nayo: sukari, presha, moyo, na mara nyingi yote kwa mpigo. Kila Jumatatu alimwaga vidonge kwenye sinia la mwenye nyumba, akavipanga katika kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na jioni. Daktari wa sukari hakujua alichoandika daktari wa moyo, na daktari wa moyo hakuwa na habari na mwenzake. Vilivyokutana ni vidonge, tena mbele ya Sista. Kazi hiyo aliipenda, na kusema kweli aliionea fahari kidogo. Miaka tisa hajakosea.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama dirishani kwa mfamasia, ambaye alikuwa anapanga paketi kwenye rafu, za buluu na za njano pamoja.

"Mbona unazichanganya?" Sista akamtania. "Leo umeamkia ubavu gani?"

"Sichanganyi. Ni dawa ileile ya sukari, viwanda tu ndio tofauti. Soma hapo chini."

Sista akasoma. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa, lakini zilisomeka. Akakumbuka. Juzi, kwa mgonjwa wake Fundi, alikuta paketi ya buluu ya kliniki ya sukari, ya siku zote, na ya njano, mpya, kutoka kliniki ya moyo, akaidhani dawa ya moyo. Alipanga zote mbili, asubuhi na jioni, wiki nzima.

Fundi alikuwa mshonaji mstaafu wa miaka sabini na moja, mwembamba, mtu wa kudonoadonoa chakula. Dozi maradufu ingeweza kumshusha sukari mpaka azimie asiamke tena.

Akampigia simu mke wa Fundi. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, wapi. Akachukua mkoba wake wa vipimo, akatoka mbio, mtu mzima na sare yake, watu wakimpisha njia. Huku anakimbia anahesabu: Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi, Jumanne jioni, leo asubuhi. Mara nne. Alimhofia Fundi, akahofia kufukuzwa kazi, akahofia polisi, kisha akajichukia kwa kuwaza kazi wakati mzee wa watu huenda anakata roho.

Mke wa Fundi alikuwa uani anafua, simu kaiacha ndani.

"Karibu mwanangu! Mbona leo si siku yako?"

"Baba yuko wapi?"

"Kalala. Tangu ameze dawa hataki hata chai, nikasema nimwache apumzike."

Chumbani, Fundi alikuwa amelowa jasho, shati limemganda mgongoni, macho wazi. "Nipe futi nimpime mteja," akamwambia Sista. "Kasimama muda mrefu."

Mkewe akacheka. Sista hakucheka. Alimtoboa kidole kwa pupa, tone la kwanza likaangukia shuka. La pili kipimo kikalisoma: mbili nukta moja, wakati haitakiwi kushuka chini ya nne.

"Mama, sukari! Koroga na maji kidogo, haraka!"

Alimwinua, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akingoja ameze kwanza. Kijiko cha sita kikamwagikia kidevuni, kichwa cha mzee kikalegea. Akamwita baba, baba, kama mtoto. Mzee akameza. Baadaye kipimo kikasoma nne, na Fundi akauliza binti wa watu anamlilia nani.

Mkewe akamshika Sista mikono yote miwili. "Mungu akupe umri mrefu. Ungechelewa, ningekuwa mjane nami nafua nguo."

Angeweza kunyamaza. Paketi ya njano ilikuwa pale kwenye stuli, ingeingia mfukoni na asijue mtu. Aliliwaza hilo, tusimsingizie utakatifu.

"Mama, tumpeleke hospitali sasa hivi. Dawa bado imo mwilini, sukari inaweza kushuka tena." Akaokota paketi ya njano. "Na ni mimi. Hizi paketi mbili ni dawa moja. Nimempangia mara mbili, sikusoma."

Mikono ya mama ikamwachia. Hakumtukana, na afadhali angemtukana.

"Jumatatu ulipanga nyumba ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na hiyo ya njano, nani mwingine kapewa?"

Sista akajaribu kuyakumbuka masinia ya Jumatatu, moja baada ya jingine, na rangi hata moja haikumjia.