Ujumbe wa Msiba kwa Mzee Stephano

Avelina alisikia habari za msiba wa Filomena akiwa sokoni Mwenge, na wakati huo Filomena alikuwa ameshazikwa.

"Pole, Mama Allen. Mbona juzi hatukukuona Kawe? Sie tukajua unaumwa," alisema Monica, mwenzake wa jumuiya ya kanisa huko Goba.

"Kawe kulikuwa na nini?"

Monica akaziba mdomo kwa kiganja.

Huyo Filomena si mtu wa kutajwa hivihivi. Avelina alipofiwa na mumewe, Stephano, Filomena ndiye aliyelala naye mkekani mpaka arobaini ikapita. Baadaye alihamia Kawe kwa mwanawe, lakini alibaki kwenye jumuiya ileile ya Goba. Mtu wa namna hiyo anazikwa, wewe uko nyumbani unachambua mchele! Avelina aliacha kununua alichokifuata, akarudi Goba moja kwa moja hadi kwa Ansbert, katibu mpya wa jumuiya.

"Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Filomena kazikwa sijaambiwa. Nimekukosea nini?"

Ansbert alishtuka. "Mbona ujumbe niliwatumia wote, mama? Hata kwenu nilituma." Akafungua simu amwonyeshe. Ulikuwa umetumwa kwa Mzee Stephano.

"Stephano yuko kaburini mwaka wa nne, Ansbert! Ulitaka atoke huko aje kuniambia?"

Katibu wa zamani alikuwa ameandika majina kwenye kompyuta nyumba kwa nyumba: jina la baba mwanzo wa mstari, mke na watoto chini yake, wamesogezwa ndani kidogo. Baba akifa, jina halitolewi. Nyumba bado ni yake, ndivyo tulivyo. Sasa Ansbert, badala ya kukaa akanakili jina moja moja, akaipa programu faili zima iyahamishie majina kwenye simu yake. Programu ikaona mtu ni yule wa mwanzo wa mstari tu. Wake wote na namba zao ikawasukumia kwenye maelezo ya mume, mahali ambapo ujumbe haufiki. Wenye waume hai waliambiwa na waume zao. Wajane je? Programu haijui msiba, sawa. Lakini Ansbert alikula ubwabwa kwenye matanga ya Stephano, tena akaongeza!

"Samahani, mama. Hii programu ndiyo..."

"Programu ina mwenyewe. Wewe si unanijua? Niandike jina langu hapo. Avelina. Nisiwe chini ya mtu."

Ansbert akaandika. Kisha, ili ajaribu kama namba inapokea, akautuma tena ujumbe wa mwisho uliokuwemo.

Simu ya Avelina ikalia. Akavaa miwani, akasoma: *Mpendwa wetu Filomena atazikwa kesho saa nane mchana. Wote mnaombwa kufika kumsindikiza.*

"Umeingia, mama?" Ansbert aliuliza.

Avelina aliketi palepale kizingitini, akaanza kulia kwa sauti, kama wenzake walivyolia juzi.